Tukialikwa Kujenga Programu, Tuingie kwa Masharti Gani?

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Ndungu, wilayani Same

Nimepewa saa moja kuzungumzia jambo ambalo kwa jina lake linaweza kumfanya mtu asinzie, hasa baada ya chakula cha mchana, lakini ndani yake kuna akiba zenu. Kwa hiyo naomba tuvumiliane.

Mnafahamu kwamba kwa misimu kadhaa sasa baadhi ya vikundi vya ukanda huu wa tambarare vinatunza hesabu zake kwa programu ya kompyuta na simu, iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya vijana wa mjini. Sasa kampuni hiyo imetuandikia barua. Inasema haina tena uwezo wa kuiendeleza programu peke yake, na kwamba inakusudia kuifanya kuwa programu huria, kisha kualika watengenezaji wa programu kutoka popote duniani, pamoja na watumiaji, yaani nyinyi, ili iendelezwe kwa pamoja. Inaomba Dayosisi iwe mshirika na vikundi vitoe watu.

Maoni yangu nitayasema mapema ili msije mkayasubiri hadi mwisho. Naona tukubali, ila kampuni kwanza ikubali kuachia sehemu ya madaraka yake juu ya programu hiyo. Isipokubali hilo, tutakuwa tumewapelekea vibarua wa bure, na vibarua wenyewe watachoka kabla ya msimu kwisha.

Programu huria ni kitu gani

Kila programu ya kompyuta ni maelekezo yaliyoandikwa na watu. Maandishi hayo wataalamu huyaita msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao: unapewa programu ikiwa tayari, unaitumia, lakini huwezi kuona ndani inavyofanya hesabu, na ikikosea huwezi kuirekebisha hata kama unaye mtaalamu. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa kwa wengine. Mmarekani Richard Stallman alianzisha harakati za namna hii mwaka 1983. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Linus Torvalds, akatoa Linux, akaomba wenzake waitazame na kuirekebisha. Leo kila simu ya Android iliyomo humu ukumbini inatumia kiini cha Linux. Kwa maana hiyo wengi wenu mmekuwa watumiaji wa programu huria kwa miaka mingi bila kuambiwa.

Kuna kosa moja ambalo watu hulifanya mapema sana, nalo ni kudhani kwamba huria maana yake ni kazi ya bure. Sehemu kubwa ya kazi ya Linux leo inafanywa na watu wanaolipwa mishahara na makampuni. Makampuni hayo hushindana sokoni, lakini yameona kuwa ni nafuu kushirikiana katika msingi ambao kila mmoja anauhitaji, kisha kila mmoja akajenga biashara yake juu ya msingi huo. Wanaojitolea bila malipo nao wapo, na ni wengi, lakini kila mmoja ana sababu yake. Mmoja anatafuta ujuzi, mwingine hospitali yake inahitaji ripoti fulani ambayo programu haitoi. Hakuna anayeamka usiku kuandika msimbo kwa sababu kampuni fulani imepungukiwa na fedha.

Msaragambo, na mahali unapoishia

Sisi Wapare hatuhitaji kufundishwa maana ya kazi ya pamoja. Milimani kwetu ndiva na mifereji vimedumu kwa msaragambo. Maji yanakusanywa usiku, yanafunguliwa asubuhi, na ikifika siku ya kuzibua, kila anayemwagilia anatoka na jembe lake. Asiyetoka analipa faini. Nimesikia vijana wakisema programu huria ni msaragambo wa kompyuta. Ni mfano mzuri, na mimi mwenyewe nimeutumia mara nyingi, lakini tuutazame vizuri kwa sababu unatufundisha pia kwa pale unapokataa.

Watu wanakwenda msaragambo kwa sababu mfereji ni wao. Maji yatapita shambani kwao, na zamu ya maji inapangwa mbele yao. Fikirieni sasa mtu mmoja mwenye shamba lake binafsi, anapiga mbiu kijiji kizima kije kumchimbia mfereji, halafu lango la maji analifunga kwa kufuli lake. Siku ya kwanza labda watakuja kwa heshima. Siku ya pili atabaki na watoto wake. Kampuni inayofungua msimbo lakini inabaki na kufuli ndiyo huyo mwenye shamba.

Tofauti ya pili ni kwamba katika msaragambo asiyekuja anatozwa faini. Kwenye programu huria hakuna faini. Mtu yuko India au Brazil au Mbeya, akichoshwa anafunga kompyuta yake, nawe hutajua hata kwa nini. Kwa hiyo anayealika ana kazi ngumu kuliko mzee wa mfereji: hana cha kumlazimisha mtu, ana cha kumvutia tu.

Yaliyotokea kwa Kiswahili chetu

Tunao mfano wa hapa hapa Tanzania, na naomba nikae nao kidogo. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1999 ilinunua kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na programu ya ofisi iitwayo StarOffice: ya kuandikia barua, kupanga hesabu kwenye majedwali na kadhalika. Mwaka 2000 Sun iliufungua msimbo wake, ikaanzisha mradi wa OpenOffice.org na kualika dunia nzima kushiriki. Walioshiriki ni pamoja na Watanzania. Mwezi Desemba 2004 lilizinduliwa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili, matunda ya mradi wa Kilinux ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washauri wa kampuni ya IT+46 kutoka Sweden.

Jambo la kuzingatia hapo ni kwamba wenzetu hawakuhitaji kwenda Marekani kuomba Kiswahili kihesabiwe kama soko. Msimbo ulikuwa wazi, leseni iliruhusu, wakakaa chini wakatafsiri. Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Kila neno linaloonekana kwenye skrini lilihitaji kuamuliwa, na mnajua sisi Waswahili tulivyo kwa maneno. Mpaka leo wako wanaosema kipanya na wako wanaosema puku, na kila upande una hakika. Microsoft nayo ilileta Kiswahili chake katika miaka hiyo hiyo, lakini kwa uamuzi wake na kwa wakati wake.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana hapa ndipo barua tuliyoandikiwa inapogusa. Sun iliwataka waliochangia msimbo kusaini hati iliyoipa kampuni haki sawa na yao juu ya kazi waliyoitoa. Kwa hati hiyo Sun iliweza kuchukua kazi ya watu wote na kuiuza pia ndani ya StarOffice, toleo lake la biashara. Haikuwa siri, na yapo makampuni yanayofanya hivyo hadi leo kwa sababu zinazoeleweka. Lakini wako waliokereka, na wako waliokataa kusaini. Halafu Januari 2010 Sun yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Oracle. Wachangiaji wakajikuta na mwenye nyumba mpya ambaye hawakumchagua. Septemba mwaka huo huo kundi kubwa lao lilijitenga, likaunda taasisi yake na kuuendeleza msimbo ule ule kwa jina la LibreOffice, bila kumtaka mchangiaji akabidhi hakimiliki yake kwa yeyote. Mwezi Juni 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache, lakini wengi wa waliokuwa wakiijenga walikuwa wamekwisha kuondoka.

Kitu kilichowaokoa ni leseni. Kampuni iliweza kuuzwa, jina likabaki kwa mnunuzi, lakini msimbo haukuweza kurudishwa kabatini. Ndiyo maana kila mtu akiniuliza juu ya barua hii nasema, kabla ya kuzungumzia semina na posho na vifaa, tuoneni leseni, na tuone kama kuna hati ya kusaini. Kampuni yetu ya mjini ni vijana wazuri, nawafahamu. Lakini vijana wazuri huajiriwa kwingine, na kampuni ndogo huuzwa au hufungwa. Tunachokubaliana leo kitasomwa na watu ambao hatujawaona.

Kufungua lango hakuleti watu

Mwezi Machi 1998 kampuni ya Netscape, iliyokuwa na kivinjari maarufu cha intaneti na ilikuwa ikishindwa na Microsoft, ilifungua msimbo wake kwa matumaini makubwa. Mwaka mmoja baadaye mmoja wa wahandisi wake waliouanzisha mradi huo, Jamie Zawinski, alijiuzulu na kueleza hadharani kwamba watu wa nje waliojiunga walikuwa wachache, na kazi karibu yote bado ilifanywa na wafanyakazi wa kampuni. Sababu mojawapo aliyoitaja ni kwamba msimbo uliotolewa ulikuwa mkubwa na mgumu, na haukuwa kitu kamili ambacho mtu angeweza kukitumia siku hiyo hiyo, akaona kasoro, akairekebisha. Mradi ule haukufa. Ndio uliozaa Firefox, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka Novemba 2004. Lakini hesabuni miaka.

Kwa hiyo tunapoisoma barua ya kampuni, tuulize: nyumba imeandaliwa kwa wageni? Kijana wa chuo akiupata msimbo leo asubuhi, ataweza kuiwasha programu kwenye kompyuta yake kabla ya saa saba mchana? Kuna maelezo yaliyoandikwa, au yote yamo kichwani mwa fundi mmoja? Orodha ya kasoro zinazojulikana iko wazi, au kampuni inaona aibu? Kuna kazi ndogo ndogo zilizotengwa kwa ajili ya anayeanza? Na akileta marekebisho, nani atamjibu na baada ya siku ngapi? Mtu aliyetoa kazi yake ya mikono miwili akakaa miezi mitatu bila kujibiwa harudi tena. Hata kumjibu kwamba kazi yako haifai kwa sababu hii na hii ni heshima; kimya ndicho kinachofukuza.

Hayo yote yanahitaji mtu, na mtu anahitaji mshahara. Nasisitiza hili kwa sababu barua inasema kampuni imepungukiwa. Kuingiza jamii ya watengenezaji wa programu hakupunguzi kazi mwaka wa kwanza, kunaiongeza. Atakayeisimamia programu asipolipwa na kampuni, alipwe na nani? Hapa naona Dayosisi inaweza kuchangia sehemu, na vikundi vikachangia kidogo kama mnavyochangia mlinzi wa maji. Lakini isiwe ahadi ya mfadhili wa miaka miwili peke yake, tumeona mara nyingi hiyo inavyokwisha.

Wako waliofaulu

Nisije nikawatisha. Mwaka 2004 madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliokwenda Eldoret, Kenya, kushirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, walikuta kumbukumbu za wagonjwa wa UKIMWI zinazidi uwezo wa mfumo uliokuwepo. Kutokana na hitaji hilo ilizaliwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ikaanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Leo inatumika katika nchi nyingi, na watengenezaji wake wengi ni Waafrika. Hospitali kadhaa za KKKT nazo ziliwahi kutumia Care2x, programu huria ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 2002 na muuguzi, Elpidio Latorilla. Muuguzi ndiye aliyejua kinachosumbua wodini.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na vikundi vyetu ni Mifos. Hiyo ni programu ya taasisi za mikopo midogo, iliyoanzishwa na shirika la Grameen Foundation la Marekani na kutolewa kama programu huria mwaka 2006. Mwaka 2011 shirika hilo liliamua kutoendelea kuisimamia. Ingekuwa programu iliyofungwa, habari ingeishia hapo, na taasisi zilizoitegemea zingerudi kwenye madaftari. Badala yake waliokuwa wakiitumia na kuijenga waliichukua, wakaunda chombo chao wenyewe, na baadaye kiini chake kikapokelewa na taasisi ya Apache kwa jina la Fineract, ambayo ikawa mradi kamili wa Apache mwaka 2017. Huko Kenya kampuni ya Musoni, iliyoanza kukopesha mwaka 2010 kwa kupitisha fedha zote kwenye simu badala ya taslimu, ilijenga mfumo wake juu ya Mifos. Ni biashara, inatafuta faida, lakini msingi wake ni mali ya wengi. Mimi sioni ubaya hapo. Nimeieleza kampuni yetu hivyo hivyo: nyinyi uzeni huduma, mafunzo na matengenezo, msiuze kufuli.

Na hapa kuna swali ambalo nadhani hata wenyewe hawajajiuliza: kwa nini tujenge msingi wetu peke yetu wakati upo wa Fineract? Jibu linaweza kuwa kwamba huo ni mkubwa mno kwa kikundi cha watu 25 chenye sanduku na funguo tatu. Linaweza pia kuwa kwamba hawakuutazama. Nimeomba watujibu kwa maandishi.

Je, wataona akiba yangu?

Mama mmoja katika kikao cha maandalizi aliniuliza: "Mratibu, mkiifungua hiyo programu, watu wa Ulaya wataona nimekopa kiasi gani?" Waliokuwepo walicheka, lakini mimi naliona kuwa ndilo swali zito kuliko yote.

Jibu ni hapana, ikiwa kazi itafanywa vizuri. Kinachofunguliwa ni maelekezo ya programu, siyo daftari la kikundi. Ni kama kila mtu kujua namna ya kuandika leja. Hiyo haimpi mtu ruhusa ya kusoma leja yako. Lakini "ikiwa" hiyo si ndogo. Watengenezaji wa programu wanapenda kufanya majaribio kwa taarifa halisi kwa sababu ndizo zinazoonyesha kasoro. Nenosiri la seva linaweza kusahaulika ndani ya msimbo, na msimbo ukifunguliwa linakuwa limefunguliwa nalo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na majina yenu, namba zenu za simu na mikopo yenu vinalindwa nayo. Kwa hiyo kabla ya lango kufunguliwa, msimbo wote upitiwe na mtu asiye wa kampuni, na majaribio yafanywe kwa wanachama wa kubuni. Kwenye hilo sitakubali mjadala.

Kuna hofu nyingine, ya mtu mbaya kuingia akijifanya msaidizi. Hii nayo imetokea. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, inayotumika ndani ya mifumo mingi ya Linux. Ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, aliyekuwa amechoka. Akatokea mtu asiyejulikana vizuri, akasaidia kwa uvumilivu zaidi ya miaka miwili, mpaka akapewa mamlaka. Mapema mwaka 2024 akapachika mlango wa siri wa kuingilia kwenye kompyuta za watu. Aliyeugundua, mwezi Machi, ni mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwenye mfumo wake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde, akaamua kutafuta sababu. Aliweza kutafuta kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hata hivyo, nusu sekunde ni kitu chembamba sana kutegemewa, na wala hatuna wahandisi wa namna hiyo wa kukesha kwa ajili ya vikundi vya Ndungu. Ndiyo maana nasema funguo za lango zisiwe za mtu mmoja aliyechoka. Sanduku la kikundi lina funguo tatu kwa watu watatu. Mabadiliko ya programu nayo yasiingie kabla ya watu wawili kuyasoma na kuyakubali.

Tunachoweza kupeleka sisi

Wengine mnanitazama mkijisemea kwamba hayo ni ya wasomi. Naomba niwape mfano wa hapa hapa. Programu tuliyo nayo ilitengenezwa na watu wa mjini, na kwa watu wa mjini mkopo hulipwa kila mwezi. Mwanachama wa hapa anakopa shilingi 300,000 kwa ajili ya kulima na kupandikiza mpunga, na kwa makubaliano ya kikundi atalipa yote kwa mara moja akishavuna. Wenzetu wa milimani wanafanya hivyo hivyo kwa tangawizi. Programu ikimwona mtu hajalipa mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, inamwandika mdaiwa sugu. Mwenyekiti mmoja alitolewa orodha iliyomweka yeye mwenyewe juu kabisa! Makatibu wakaamua kumdanganya huyo mdanganyifu: wakawa wanaandika mkopo tarehe ya mavuno badala ya tarehe uliotolewa. Hesabu ikapendeza, lakini riba ikawa uongo.

Hakuna mtaalamu wa Ujerumani atakayeigundua kasoro hiyo kwa kusoma msimbo, kwa sababu ndani ya msimbo hakuna kosa. Kosa ni la kutojua kilimo. Anayeijua ni katibu wa kikundi. Akiiandika kwa maneno yake, kwa Kiswahili chake, akaeleza ni lini ilitokea, alibonyeza nini, alitegemea nini na alipata nini, huyo amechangia sawa na aliyeandika msimbo. Pengine zaidi. Maneno yetu nayo ni mchango: hisa, mfuko wa jamii, faini, mgao wa mwisho wa mzunguko. Programu ya sasa inaita mgao "gawio la faida," na mkutano mmoja ulipoteza nusu saa watu wakigombana kama akiba zao zimo ndani yake au hazimo.

Nyinyi vijana mliomaliza kidato cha sita na vyuo mkakaa nyumbani, hapa ipo shule. Mtu akijifunza kusoma msimbo wa programu inayotumiwa na mama yake, kisha akaurekebisha na kazi yake ikapokelewa, anayo kazi ya kumwonyesha mwajiri, na inaonekana popote. Lakini sitawaahidi ajira. Nawaahidi kwamba majina yenu yatabaki kwenye kumbukumbu za programu, kwa sababu hilo nalo nimelidai.

Jibu ninalopendekeza

Rasimu ya barua ya kujibu ninayo mkononi. Inasema tunakubali kushiriki iwapo leseni itakuwa ile inayomtaka kila anayeiboresha programu na kuigawa aigawe pamoja na maboresho yake, ikiwemo kampuni yenyewe. Kwamba hakuna mchangiaji atakayesainishwa kuikabidhi kampuni haki ya kuifunga kazi yake. Kwamba maamuzi makubwa yafanywe na kamati ambayo ndani yake wamo makatibu wa vikundi wasiopungua watatu, na wawili kati yao wawe wanawake, maana ndio wanaoshika daftari katika vikundi vingi. Kwamba mijadala ya kamati iandikwe kwa Kiswahili. Wakitaka Kiingereza watafsiri wao. Nimeweka pia kipengele cha jina: kampuni ikiuzwa, jina la programu lisitumike kutuzuia sisi kuendelea.

Kampuni imekwisha kuniambia kwa simu kwamba hilo la hakimiliki ni gumu, kwa sababu yuko mtu anayefikiria kuwekeza fedha kwao na anataka kuona mali. Nawaelewa. Mtu akikuwekea fedha anataka kujua amenunua nini. Lakini anachotaka kununua ndicho wanachotuomba tukijenge, na hayo mawili hayawezi kuandikwa kwenye barua moja bila kutuambia. Ikiwa watashikilia hapo, pendekezo langu ni tubaki wateja wa kawaida, tulipie huduma, na tudai kila kikundi kiwe na haki ya kuchukua taarifa zake zote katika jedwali la kawaida siku yoyote kitakapotaka kuhama.

Nakala za rasimu ziko kwa Katibu pale mlangoni, moja kwa kila kikundi. Naomba msinipigie makofi kwanza. Kaeni katika makundi yenu ya Ndungu, Maore na Kihurio, msome kipengele kwa kipengele, hasa kile cha kamati, kwa sababu watakaokaa humo wataacha mashamba siku za vikao na hatujapanga nani atawalipia nauli. Saa kumi tukirudi tuanze na hilo.